Asilimia 80 ya nini hasa?

Kila mjadala wa kuachana na makaa ya mawe, mafuta na gesi haukosi mtu wa kuitoa takwimu ile ile: vitu hivi vitatu bado vinatoa kama asilimia 80 ya nishati ya dunia, kwa hiyo jua na upepo itabidi vijaze pengo lote hilo, na hilo haliwezekani. Imetosha sasa. Namba yenyewe ni sahihi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hilo neno "kwa hiyo".

Kinachopimwa pale ni nishati ya msingi, yaani joto lote lililomo ndani ya fueli kabla haijachomwa. Hakipimwi umeme uliofika kwenye mita, wala kilomita ambazo gari limekwenda, wala chumba kilichopata joto.

Chukua tani moja ya makaa yenye gigajuli 25, sawa na kilowati-saa 6,940 hivi. Kituo cha mvuke chenye ufanisi wa asilimia 35 kinaibadili kuwa kilowati-saa 2,430 za umeme. Pampu, feni na visagio vya kituo chenyewe vinakula kama asilimia 6, zinabaki 2,285. Nyaya na transfoma zikipoteza asilimia 8, mteja anapata takriban 2,100. Kilichobaki kimeishia kwenye dohani na mnara wa kupoozea. Lakini jedwali la mizania ya nishati limeandika 6,940 zote kama "nishati iliyotumika".

Sasa weka paneli za jua zitoe zile 2,285 kwenye gridi ile ile. Mteja hataona tofauti. Jedwali litaonyesha gigajuli 25 za makaa zimeondoka na gigajuli 8.2 za jua zimeingia. Ukiusoma mchoro huo bila kujua ulivyopimwa, utadhani jua limeshindwa kuziba theluthi mbili za pengo. Hakuna pengo. Hakuna mtu anayenunua joto la dohani.

Barabarani ni hivyo hivyo. Gari linalokunywa lita 7 za petroli kwa kilomita 100 limetumia kama kilowati-saa 62, maana lita moja ina karibu 9. Gari la umeme la ukubwa huo linachukua kama 18 kutoka kwenye soketi.

Hapo ndipo wenzangu wanaoupenda mpito wa nishati nao wanapokosea, na wao wananiudhi zaidi kwa sababu tuko upande mmoja. Wanasema theluthi mbili za nishati ya visukuku, yaani makaa, mafuta na gesi, ni hasara tupu, kwa hiyo tujenge theluthi moja tu. Si kweli kwa jumla namna hiyo. Rudi kwenye gari letu la umeme na ulichaji kwa makaa ya kituo kile kile: 18 ugawe kwa 0.92 ya njia za umeme, kwa 0.94 ya matumizi ya kituo, kisha kwa 0.35. Unapata karibu 59. Unafuu karibu wote umeyeyuka. Hasara imehama kutoka kwenye injini na kwenda kituoni. Kituo cha gesi chenye ufanisi wa asilimia 55 kinakurudisha kwenye 36 hivi. Unafuu kamili unakuja pale tu umeme unapokuwa hautoki kwenye moto.

Kwenye joto hesabu inabadilika tena. Boila ya gesi ina ufanisi wa asilimia 90, kwa hiyo hita ya umeme ya kawaida haina cha kuokoa hapo. Pampu ya joto inaokoa, kwa kuwa kilowati-saa moja ya umeme inaleta kama tatu za joto, ila baridi ikiwa kali uwiano huo hushuka, na baridi kali ndiyo saa ambayo kila mtu anaiwasha. Tanuri la klinka, vipande vinavyosagwa kuwa saruji, linahitaji nyuzi 1,450 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya kaboni ya saruji inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, si kwenye fueli. Chuma kinachoyeyushwa kwa hidrojeni badala ya makaa kinataka karibu kilo 55 za hidrojeni kwa tani, na kila kilo inakula kama kilowati-saa 50 za umeme ilhali yenyewe inabeba 33. Huko mpito unaongeza hasara, na anayeficha hilo anawapa wapinzani silaha bure.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka mno. Nishati yenye manufaa, ile iliyofanya kazi kweli, haina mita. Tunaikadiria kwa kuzidisha matumizi kwa ufanisi wa kudhania wa kila kifaa. Mimi huamini mwelekeo wa makadirio hayo, siamini desimali zake.

Na namba hizi za kudhania ni siasa. Katika Umoja wa Ulaya kuna kizidishi cha kugeuza umeme kuwa nishati ya msingi. Kilikuwa 2.5, kikashushwa hadi 2.1 mwaka 2018, kisha 1.9 mwaka 2023. Kwa 2.5, pampu ya joto inahesabiwa kilowati-saa 0.83 za nishati ya msingi kwa kila kilowati-saa ya joto, kwa 1.9 inahesabiwa 0.63. Boila ya gesi inabaki 1.11 palepale. Kifaa hakijabadilika hata skrubu moja, lakini alama zake zimebadilika, na ruzuku na kanuni za ujenzi zinaweza kufuata alama hizo. Ndiyo maana wauza gesi na wauza umeme wanaivutania namba hii kwa nguvu zote.

Ukitaka kipimo kisichochezewa kwa urahisi, uliza tani za kaboni dioksidi. Kilowati-saa ya umeme wa makaa ni karibu kilo moja, ya gesi kama gramu 400 kabla hujaongeza methani inayovuja. Kwa kipimo hicho habari si nzuri: sehemu ya visukuku imekuwa ikishuka polepole, lakini kiasi chenyewe kinachochomwa duniani kimeendelea kupanda. Hilo ndilo la kulaumu, tena kwa sauti.

Ukikutana na mchoro wa nishati ya dunia, tazama kwanza nyuklia na umeme wa maji. Mabwawa yanatoa umeme mwingi kuliko nyuklia, takriban terawati-saa (kilowati-saa bilioni moja kila moja) 4,300 dhidi ya 2,700 kwa mwaka. Mchoro ukionyesha nyuklia ni karibu mara mbili ya maji, umefuata njia ya Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA: nyuklia inahesabiwa kwa joto la kinu, kwa ufanisi wa asilimia 33, na maji, jua na upepo vinahesabiwa kwa umeme wenyewe. Jotoardhi hapo inadhaniwa kuwa na ufanisi wa asilimia 10, kwa hiyo inavimba mara kumi. Maji yakiizidi nyuklia, tazama eksajuli za maji (eksajuli moja ni gigajuli bilioni moja). Zikiwa kama 15, umeme umehesabiwa ulivyo. Zikikaribia 40, mwandishi ameuzidisha ili ulingane na fueli ambayo ingechomwa, kama takwimu za kampuni ya mafuta ya BP zilivyofanya kwa miaka mingi.