Kitako cha nyanya kikioza, achana na dawa ya ukungu

Nimeletewa tena picha ya nyanya yenye baka jeusi kitakoni, na swali lilelile: "Nipige dawa gani ya ukungu?" Hakuna. Kuoza kitako hakuletwi na ukungu wala bakteria, na hakuambukizi. Ule ukungu mnaouona juu ya baka umekuja baadaye, kula kilichokwisha kufa.

Tunda limekosa kalsiamu. Nikisema hivyo tu, watu hukimbilia maganda ya mayai, na hapo ndipo ninapochoka kabisa. Jamani, Tanga hii tumekaa juu ya chokaa! Mapango ya Amboni yenyewe yamechimbwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa. Ganda la yai ni kitu hichohicho, kalsiamu kaboneti, na kwenye udongo usio na tindikali huyeyuka polepole mno. Udongo wa kichanga kitupu unaweza kuwa maskini wa kalsiamu kweli, basi pima udongo kwanza. Lakini mara nyingi kalsiamu ipo, ila haifiki kwenye tunda.

Kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini, na maji huvutwa zaidi na majani kwa kuwa ndiyo yanayopoteza unyevu mwingi. Tunda hupata masazo. Tena kalsiamu ikishatua kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda, kwa hiyo kuyapulizia majani kalsiamu ni kujichosha. Kaskazi inavuma, unaacha kumwagilia siku tatu, kisha unafurikisha tuta: tunda changa, hasa katika wiki mbili za kwanza tangu ua lishike, limeshakosa. Baka linajitokeza baadaye, wewe umeshasahau siku zile kavu.

Mwagilia kwa mpangilio, udongo uwe na unyevu usiopanda na kushuka. Nyanya za kwenye ndoo zinahitaji maji kila siku wakati wa jua. Tandaza nyasi kavu. Punguza mbolea ya yuria, kwa sababu amonia yake hushindana na kalsiamu mizizini na kukuza majani yanayozidi kunyang'anya maji. CAN, mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu, ni afadhali. Na wenye visima vya karibu na bahari, onjeni maji yenu: yakiwa na chumvi, mizizi huyanywa kwa taabu hata tuta likiwa limelowa.

Vitabu huandika "upungufu wa kalsiamu" kana kwamba kesi imefungwa. Haijafungwa. Wapo watafiti wanaosema joto, ukame au chumvi huumiza seli za tunda kwanza, na kalsiamu kupungua ni matokeo. Mimi sijaegemea upande, kwa sababu pande zote mbili zinanirudisha kwenye maji.

Nyanya ndefu za aina ya Roma huathirika zaidi, zile ndogondogo za mviringo ni nadra. Hoho, biringanya na matikiti nayo huoza hivihivi. Tunda lenye baka lichume, halitapona. Mche usiung'oe, vichala vya kwanza ndivyo huumia zaidi, na maji yakitulia vinavyofuata mara nyingi hutoka safi.