Ruzuku kwenye simu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kwa Wahadzabe na Wasandawe

Kila msimu wa bajeti, mijadala ya Dodoma huyataja malipo ya ruzuku kwa njia ya simu kana kwamba faida yake imekwisha kuthibitika kwa kila kaya. Kwa mkazi wa mjini mwenye wakala kila kona, huenda ni kweli. Kwa Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, na kwa Wasandawe wa Farkwa na Kwamtoro, wilayani Chemba, mambo yana sura nyingine.

Inadhaniwa, kwanza, kwamba mfumo huu hupunguza gharama. Zamani walengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, walilipwa fedha taslimu kijijini, mbele ya viongozi wao, na gari, ulinzi na posho vilikuwa juu ya ofisi. Malipo yanapohamia kwenye simu, sehemu ya mzigo huo humwangukia mlengwa: nauli ya bodaboda hadi kwa wakala, fedha ya kuchajia simu, na makato ya kutoa pesa ikiwa hakuna anayemlipia. Akifika na kukuta wakala hana fedha taslimu, safari huanza upya. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, ambayo serikali iliipunguza Septemba mwaka huohuo baada ya malalamiko ya wananchi, ilidhihirisha kwamba makato huwauma hata wenye mishahara.

Wengine husema shida ni kwamba Wahadzabe hawajui simu. Hilo ni kuwadharau tu. Kinachowakwamisha ni usajili, kwa sababu laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na namba hiyo huhitaji vielelezo vya kuzaliwa na makazi ambavyo kaya inayohama kufuata matunda, asali na wanyama haina sababu ya kuwa navyo. Mwanamke aliyechimba mizizi kwa mti uliochongwa tangu utotoni anaweza kuwa na vidole vilivyosagika kiasi kwamba mashine haivitambui, ilhali kijiji kizima kinamjua. Laini ikisajiliwa kwa jina la mtoto wa kiume au jirani, mwenye haki na mwenye simu huwa watu wawili.

Hapo huonekana udhaifu wa dhana ya tatu, kwamba fedha ya simu ni salama kwa kuwa ina namba ya siri. Menyu haiko kwa Kihadza wala Kisandawe, na bibi asiyesoma humkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri iliyoandikwa nyuma ya kadi ya kliniki, kisha hupokea kiasi atakachotajiwa. Kwenye meza ya kijiji kiasi kilisomwa kwa sauti na majirani wakasikia.

Ipo pia dhana kwamba teknolojia ikizuia pombe, ulevi utakwisha. Australia ilijaribu: mwaka 2007 serikali ilianza kudhibiti matumizi ya ruzuku za Waaborijini, wenyeji wa asili, katika eneo la Northern Territory, na mwaka 2016 ikaanzisha katika mji wa Ceduna, Australia Kusini, kadi iliyofungia asilimia 80 ya ruzuku isinunue pombe wala kuchezea kamari. Mkaguzi mkuu wa hesabu aliripoti mwaka 2018 kwamba ufuatiliaji ulikuwa hafifu mno kuweza kuonyesha kama madhara yalipungua. Bunge la Australia liliifuta kadi hiyo mwaka 2022, ingawa udhibiti wa lazima uliendelea Northern Territory kwa kadi nyingine.

Na ukimya wa takwimu usichukuliwe kuwa kuridhika. Sensa zetu haziulizi kabila, kwa hiyo ni vigumu kujua ni Wahadzabe wangapi waliokwama. Isitoshe, kwenye kompyuta malipo yanaweza kuhesabiwa kuwa yamekamilika pesa ikishaingia kwenye laini, si ikishafika mkononi.

Wanaotaka simu iondolewe kabisa nao wanakosea. Fedha taslimu huchelewa na huibwa, na kaya iliyohama hukosa siku ya malipo, wakati simu huifuata popote penye mtandao. Busara ni kumwachia mlengwa achague njia ya kulipwa, uchaguzi huo ufanyike kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya usajili, kwa lugha anayoielewa, na mtendaji wa kijiji awe na njia ya kumlipa taslimu yule ambaye mashine imemkataa.