Je, wajua kwa nini ukiegemea mlango wa helikopta picha inaharibika?

Kwa miaka mingi niliamini picha za helikoptani hutoka na ukungu kwa sababu chombo kinakwenda kasi. Nilipopata nafasi ya kupita juu ya mashamba ya zabibu ya Makutupora, Dodoma, nikajibana vilivyo: kiwiko kwenye fremu ya mlango, lenzi juu yake, pumzi nimeizuia. Kila mstari wa mizabibu ukatoka miwili.

Kasi ilisingiziwa. Helikopta ikienda kilomita 180 kwa saa hupita mita 50 kwa sekunde. Shata, yaani kile kifuniko cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga, ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, helikopta imesogea sentimita 5 tu, na kutoka mita 500 juu sentimita 5 za ardhi huzioni. Lakini kamera ikigeuka sehemu ya kumi ya digrii shata ikiwa wazi, pale inapolenga panahama karibu mita nzima!

Kinachoigeuza ni mtetemo. Mapanga mawili ya helikopta ndogo aina ya Robinson R44 huzunguka takriban mara 400 kwa dakika, na kila panga likipita, bodi nzima hutikiswa. Panda basi la Kondoa, injini ikiunguruma stendi, uegemeze paji la uso kwenye kioo: meno yanagongana, mabango ya nje yanacheza. Inua kichwa. Kioo bado kinatetemeka, ila sasa unasoma vizuri, kwa sababu shingo imeumeza mtetemo, kama shingo ya mama aliyejitwisha ndoo ya maji inavyomeza hatua zake. Nami kule mlangoni nilikuwa nimeunganisha lenzi moja kwa moja na fremu inayotetemeka, kama paji la uso kwenye kioo cha basi.

Viwiko vibane mbavuni, mgongo uachane na kiti, lenzi isiguse fremu wala isitokeze kwenye upepo. Mkanda, bila shaka, usifunguliwe. Lenzi zenye kituliza mtetemo husaidia, ingawa si kwa kila aina ya mtetemo. Shata ya haraka ndiyo kinga ya kwanza.

La ajabu zaidi ni hili: kumwomba rubani asimamishe helikopta angani si lazima kutulize picha. Helikopta ikielea mahali pamoja hutumia nguvu nyingi kuliko ikisonga kwa mwendo wa wastani, na mara nyingi hutetemeka zaidi, japo hutegemea chombo. Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ya mchana ni ya moto na nyepesi, hivyo kuelea ni kazi ngumu zaidi. Mzunguko uliofuata nilimwomba rubani azunguke polepole bila kusimama, nikajitenga na mlango. Nguzo za mizabibu zinahesabika moja moja.