Mpira mrefu na mwenzako majini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukipanda boti la wapiga mbizi kwenda Mnemba au Misali, siku moja utamkuta mtu ambaye mpira wake wa hewa, yaani bomba laini linaloleta hewa kutoka mtungini, umeshuka ubavuni, ukakatiza kifua na kuzunguka shingo ndipo ukafika mdomoni. Na hakosekani wa kuuliza: “Ya nini yote hayo? Hapa si pangoni.”

Dhana kwamba mpira mrefu ni wa pangoni tu ina chembe ya ukweli. Mtindo huu ulikulia kwenye mapango ya kaskazini mwa Florida, Marekani, ambako maji yametoboa mahandaki marefu ndani ya mawe ya chokaa. Bill Hogarth Main, mpiga mbizi wa huko, alishikilia kwamba kisicho na kazi kisibebwe. Watu wa Woodville Karst Plain Project, wanaopima mapango ya eneo la Wakulla, wakaifanya kuwa kanuni ya timu nzima, na miaka ya 1990 ikajulikana kama DIR (Doing It Right), yaani kufanya inavyopaswa. Mwaka 1998 Jarrod Jablonski, mmoja wa timu hiyo, akaanzisha shirika la Global Underwater Explorers, ambalo huwafundisha hata wasiokusudia kuingia pangoni. Mwaka 2007 yeye na mpiga mbizi mwenzake Casey McKinlay walizama kwenye shimo la maji la Turner Sink wakatokea kwenye chemchemi ya Wakulla Springs, karibu kilomita 11 za handaki lililojaa maji.

Urefu wa mpira, mita 2.1, una sababu. Kichochoro cha pangoni hakipitishi watu wawili bega kwa bega, hivyo aliyeishiwa hewa hutangulia na mwenzake akafuata nyuma, mpira ukiwa kati yao. Baharini hakuna kichochoro, na wengi hutosheka na mita 1.5. Hata hapo watu wawili wenye hofu wanahitaji nafasi ya kutazamana na kupanda bila kuvutana midomo.

Dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni hii: aliyeishiwa hewa atakitafuta kwa utulivu kile kipumulio chako cha akiba, cha rangi ya manjano. Mara ya kwanza nilipofanyiwa zoezi hilo, mwenzangu alikuja akipitisha kiganja shingoni, ishara ya kuishiwa hewa, na macho yake yalikuwa kwenye mapovu yaliyokuwa yakitoka mdomoni mwangu. Cha manjano kilikuwa kimechomoka kwenye kishikizo, nakiburuta mchangani bila habari. Lilikuwa zoezi tu, tukiwa mita 6, lakini lilinibadilisha. Wenye mpira mrefu humpa mwenzao kipumulio kilichomo mdomoni, kwa sababu pumzi iliyopita imethibitisha kwamba kinafanya kazi. Kisha wanachukua cha akiba, ambacho kimefungwa kwa lastiki chini ya kidevu. Hata ukiwa gizani, kidevu chako unajua kilipo.

Wengine husema falsafa ya timu huzaa watu wa kuegemea wenzao. Hesabu ya hewa inaonyesha vingine. Pangoni kanuni ya kawaida ni theluthi: ukiingia na bar 210 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini), unageuka geji ikifika 140, unatoka kwa 70, na 70 zinazobaki ni akiba, ikiwamo ya mwenzako akipoteza hewa yake kule ndani kabisa. Unabeba pumzi za mtu mwingine kila unapozama.

Hapa ndipo hata sisi wa miambani tunakosea. Tumezoea kuambiwa “anza kupanda ukifika bar 50”. Chukua mtungi wa lita 12: bar 50 ni lita 600 za hewa. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara 4 ya lile la usoni mwa maji. Watu wawili wenye hofu, tukikadiria kila mmoja lita 20 kwa dakika akiwa juu, watakula lita 160 kila dakika kule chini. Wape dakika 1 ya kutulia na kushikana, kisha kupanda kwa mita 9 kwa dakika, kisha kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Ukijumlisha unapata takriban lita 670. Hazipo. Bar 50 inaweza kumtosha mmoja; kwa wawili kutoka kina hicho ni pungufu, kwa hiyo safari ya juu ianze mapema.

Na wanaozama peke yao? Si kweli kwamba wote ni wazembe. SDI na PADI, mashirika ya kufundisha upigaji mbizi, yote yana kozi za kujitegemea majini, na mwanafunzi anafundishwa kubeba chanzo cha pili cha hewa kisichotegemea mtungi wake mkuu. Mimi nachagua timu. Lakini nitamheshimu aliyejiandaa kuwa peke yake kuliko wawili walioandikwa pamoja kwenye orodha ya boti, halafu mmoja yuko mita 15 mbele anapiga picha kasa. Hao wako peke yao wote wawili, na hakuna aliyebeba mtungi wa pili.

La mwisho ni la dukani. Bamba la chuma la mgongoni linaloshika mtungi, na mikanda yake, havimfanyi mtu kuwa wa timu. Lugha kali ya baadhi ya watetezi wa mwanzo, waliowadharau wenye vifaa tofauti, ilifanya wengi waone fahari ya vifaa wasione kazi yake. Kazi yenyewe unaiona kabla ya kuruka: wenye mtindo huu husimama wakitazamana, kila mmoja anaunyoosha mpira wake mpaka mwisho kuhakikisha haujanaswa na mkanda, kisha anauzungusha tena shingoni, na wanaambiana kwa sauti geji zinasoma ngapi.