Joto la mtungi wa haidrojeni: wastani unapodanganya

Aliyewahi kujaza mitungi ya hewa ya wapiga mbizi anajua kwamba mtungi ukijazwa haraka hupata moto. Mtungi wa gari la haidrojeni ni vivyo hivyo, ila huko shinikizo linafika megapaskali 70 na dereva anataka kuondoka baada ya dakika tatu hadi tano.

Wengi huilaumu vali, kwa kuwa haidrojeni hupata joto inapopenya kwenye tundu jembamba, kinyume na gesi nyingi. Ni kweli, lakini kisababishi kikubwa kiko ndani ya mtungi: kila gramu inayoingia inakuja na kazi iliyofanywa kuisukuma, na kazi hiyo inageuka joto. Piga hesabu ya haraka: mtungi mtupu, gesi inayoingia ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, kuta zisizopitisha joto. Utapata takribani nyuzi 137. Kikomo cha SAE J2601, kiwango cha kujaza magari ya haidrojeni, ni nyuzi 85, basi vituo hupoza gesi kabla haijaingia, vile vya daraja la T40 hadi kati ya nyuzi 33 na 40 chini ya sifuri.

Modeli ya msingi ya kukadiria joto hilo ni fupi: mizania ya masi, mizania ya nishati, na joto linalopenya ukutani tabaka kwa tabaka. Gesi yote hupewa halijoto moja. Inakwenda kwenye kompyuta ndogo kwa sekunde chache, na mimi huanza nayo kila mara. Ila usitumie kanuni ya gesi bora, inayochukulia kwamba molekuli hazina ukubwa wala hazivutani. Kwenye megapaskali 70 na nyuzi 15, kanuni hiyo itakupa gramu 59 kwa lita, wakati haidrojeni halisi ni gramu 40.2. Densiti hiyo hiyo unaipata kwenye megapaskali 87.5 gesi ikiwa na nyuzi 85, ndiyo sababu mtungi wa moto ulioachwa kujazwa kwenye megapaskali 70 ukishapoa huonekana haukujaa.

Ukuta nao una neno lake. Ganda la ndani la alumini hufyonza joto upesi. La plastiki hupitisha joto kwa shida, mamia ya mara chini ya alumini, hivyo gesi inabaki na moto wake.

Sasa tuje penye utamu. Halijoto moja kwa gesi yote inakubalika tu maadamu mkondo unaoingia una nguvu ya kuikoroga. Chukua mtiririko wa gramu 5 kwa sekunde, mtungi ukikaribia kujaa. Kwenye bomba la kuingizia lenye kipenyo cha milimita 3, gesi inaingia kwa karibu mita 18 kwa sekunde. Lipanue hadi milimita 10, kasi inashuka chini ya mita 2. Na hata bomba lisipobadilika, kasi hupungua yenyewe kadiri densiti ndani inavyopanda. Katika mtungi uliolazwa, gesi baridi huzama, ya moto hupanda na kujikusanya chini ya paa. Wastani bado unapendeza, kumbe plastiki ya juu inapata moto kupita kiasi.

Hapo ndipo tunahitaji uigaji wa mtiririko wa pande tatu, unaogawa nafasi ya ndani kuwa seli ndogondogo, pamoja na modeli ya msukosuko, yaani mivurugiko ya gesi. Gharama yake ni kubwa: dakika chache za kujaza zinaweza kula siku kadhaa za kompyuta. Na bila vipimo ni picha za rangi tu. Maabara ya GasTeF ya Kamisheni ya Ulaya huko Petten, Uholanzi, imesaidia sana, kwa sababu mitungi yake ya majaribio iliwekewa vihisi vingi ndani, juu na chini.

Gari la kawaida halina anasa hiyo. Kihisi chake mara nyingi kimeshikizwa kwenye vali, upande mmoja wa mtungi. Nikiletewa grafu ya jaribio inayolingana vizuri na modeli, huuliza kwanza kihisi kilikaa wapi, kisha bomba la kuingizia lina kipenyo gani na limeelekezwa wapi. Likielekezwa juu kidogo, matabaka ya gesi baridi na ya moto mara nyingi huvunjika.