Kwa nini jina lako linaulizwa tena na tena kabla ya upasuaji

Kila inapokaribia Septemba 17, ambayo tangu 2019 ni Siku ya Usalama wa Wagonjwa Duniani, sisi wa huduma ya ubora hospitalini hapa Lubumbashi tunapokea malalamiko yale yale: daktari hakuwa na mkono mzuri, ama kuna ndugu aliyemroga mgonjwa. Makosa hutokea, wala hatusemi kwamba kila lalamiko halina msingi, lakini ulozi hauachi kompresi, yaani kitambaa cha kufyonzea damu, tumboni. Kompresi husahaulika pale upasuaji unapokuwa wa dharura, mpango ukabadilika tumbo likiwa limekwisha kufunguliwa, wauguzi wakapokezana zamu, na hesabu ikawekwa kichwani badala ya kuandikwa ubaoni. Ikishaloa damu hujikunja na kufanana na nyama, hata jicho la mzoefu huipita.

Ndiyo sababu ya orodha ya vipengele 19 iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ambayo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka bloku, yaani chumba cha upasuaji, wakati kompresi, sindano na vyombo vinapohesabiwa. Ilipojaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kwa hiyo anayeulizwa, kwa kufuata orodha hiyo, jina lake na upande unaopasuliwa asikasirike akidhani hatumjui. Tunamjua, tunataka atuambie yeye mwenyewe. Vilevile, mama anayemfichia mwanawe bukari (ugali) chini ya kitenge alfajiri ya upasuaji, kwa huruma, anamhatarisha, kwa maana chakula hicho kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Tukiuliza kama amekula, tuambieni ukweli.

Kwa mwenye lalamiko, barua iandikwe kwa daktari mkurugenzi, ikitaja tarehe, aina ya upasuaji na namba ya faili, na kuomba nakala ya ripoti ya upasuaji. Mlalamikaji abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Baraza la Madaktari huadhibu utovu wa nidhamu ya kazi, halilipi fidia. Fidia ni ya mahakama, na vifungu vya 52 hadi 54 vya kanuni ya adhabu ya Kongo vinahusu kifo au jeraha lililosababishwa na uzembe, hata bila kukusudia.