Mtumbwi uliozama na mtumbwi uliokuwa ukizama

Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniletea insha kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, ambamo aliandika "I saw the boat sink", na mistari miwili baadaye mtumbwi uleule ukafika ufukweni na samaki wake wote. Hakukosea tahajia wala wakati wa kitenzi, lakini msomaji wa Kiingereza atajiuliza chombo kilichokwisha kuzama kimefikaje nchi kavu.

Baada ya vitenzi vya kuona na kusikia, Kiingereza humtaka msemaji achague. Shina tupu la kitenzi, yaani "sink", hulichukua tukio zima tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mtumbwi umekwenda chini. Umbo la "sinking" huchukua kipande tu cha tukio likiwa bado linaendelea: shahidi aliona maji yakiingia, lakini mwisho wake hakuutaja, na huenda watu waliokolewa. Sisi husema "niliona mtumbwi ukizama", na "-ki-" hiyo hubeba maana zote mbili, muktadha ndio uamue. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye ugumu wenyewe, wala si uzembe wa mwanafunzi, kwa kuwa lugha aliyokulia haijawahi kumdai uamuzi huo.

Kwa matendo ya mara moja, tofauti hugeuka kuwa ya idadi. "I heard him knock" kwa kawaida hueleweka kuwa mlango uligongwa mara moja, ilhali "I heard him knocking" humaanisha kwamba aliendelea kugonga.

Wapo pia wanaoandika "I saw the boat to sink", wakiifuata "ku-" yetu. Katika kauli ya kutenda "to" hiyo haina nafasi, ingawa, jambo linalowachanganya wengi, hurudi katika kauli ya kutendwa: "the boat was seen to sink".

Yule mwanafunzi sikumsahihishia sentensi yake. Nilimwuliza kwa Kiswahili mtumbwi uliishia wapi, naye akanieleza jinsi wavuvi walivyochota maji na kuyamwaga ziwani hadi wakafika. Kisha akachukua kalamu, akaongeza "-ing" mwenyewe.